Grupu la familia: mapigo ya Bibi

Shangazi Zena: Asalaam aleikum jamani. Bibi kaamka tena na ule moyo wake, anasema kifuani kuna kitu kinarukaruka na akisimama anapata kizunguzungu. Nimempima kwa ile mashine ya presha aliyoleta kaka imesoma 152/91 halafu pembeni kimetokea kialama cha moyo chenye mawimbi

Baba Mkubwa Hamisi: Waaleikum salaam. Hizo betri Zena. Badilisha betri upime tena

Dada Asha: Shikamooni wakubwa. Shangazi nijibu haraka kwanza, kifua kinamuuma? Anahema kwa shida? Mdomo umeenda upande, mkono au mguu umelegea, anaongea maneno hayaeleweki?

Shangazi Zena: Hapana hapana. Yupo barazani anakunywa uji

Dada Asha: Alhamdulillah. Kikitokea kimoja tu katika hivyo, hata iwe saa nane usiku, mnambeba mnakwenda hospitali, hakuna kupima na kitu chochote. Hicho kialama sio betri Baba Mkubwa, mashine inasema mapigo hayaendi sawasawa. Inaweza ikawa alitikisa mkono, inaweza ikawa kweli

Idrisa: Dada Asha mi nipo hapa Pangani kwa Bibi na kuna apu naona watu wanaweka kidole kwenye kamera simu inasoma inakwambia mapigo yana mpangilio au hayana, hiyo kitu ni kweli au wanatupiga tu

Baba Mkubwa Hamisi: Kamera itauonaje moyo? Wanataka kumaliza bando zenu

Dada Asha: Baba Mkubwa washa tochi ya simu uweke kidole juu yake, utaona kinang'aa chekundu. Ule mwanga unapita kwenye damu. Kila moyo ukipiga damu inajaa kidogo kwenye ncha ya kidole na mwanga unaorudi kwenye kamera unapungua kidogo sana, macho yetu hayawezi kuona ila kamera inachukua picha kama 30 kwa sekunde kwa hiyo inaona. Apu inapima muda kati ya pigo na pigo. Kwa moyo uliotulia muda huo unakaribiana. Kuna hali sisi kazini tunaiita AF, vyumba vya juu vya moyo vinatetemeka badala ya kusukuma, hapo muda wa pigo moja unakuwa mfupi, linalofuata mrefu, linalofuata fupi kuliko la kwanza, hamna mpangilio wowote. Ndo inachotafuta

Baba Mkubwa Hamisi: Na wamejaribu kwa watu au ni maneno ya biashara

Dada Asha: Wamejaribu. Wabelgiji wana apu inaitwa FibriCheck, imeidhinishwa kama kifaa cha tiba Ulaya na Marekani, unaweka kidole dakika moja. Finland, Chuo Kikuu cha Turku, wao hata kamera hawakuitumia, mgonjwa analala chali simu inawekwa kifuani, vile vihisio vinavyofanya skrini igeuke ukigeuza simu vinasikia kifua kinavyotikisika moyo ukipiga. Walijaribu kwa watu 300, nusu wana AF nusu hawana, wakatoa matokeo 2018, simu ilipatia kwa watu kama 96 kwenye kila 100. Ila sikilizeni na hili, Play Store imejaa apu za moyo ambazo hakuna daktari aliyewahi kuzipima, zinatoa namba ya mapigo na matangazo kibao. Idrisa usidake yoyote tu, nitumie picha ya hiyo unayotaka kuweka

Baba Mdogo Omari: Asalaam aleikum kutoka Muscat. Mimi hii saa yangu ya Apple unagusa kitufe cha pembeni kwa kidole sekunde 30 inachora mstari kama wa hospitali. Miaka yote haijawahi kuniambia kitu kwa hiyo mi niko vizuri?

Dada Asha: Baba Mdogo hiyo ni namna nyingine, inasoma umeme wa moyo wenyewe, ilianza na toleo la 4 mwaka 2018. Ni ECG ila inaangalia kwa upande mmoja, ya hospitali inaangalia kwa pande 12. Na kunyamaza kwake usikuchukulie kama cheti, AF nyingi inakuja inaondoka, leo ipo kesho haipo

Dada Asha: Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, walifuatilia watu 419,297 wenye saa hizo, waliopata onyo la mapigo ni 2,161 tu. Wale waliovaa kibandiko cha ECG kifuani baada ya onyo wakakirudisha, waliokutwa na AF wakati huo ni kama theluthi moja. Wengine sio lazima saa iliwadanganya, kibandiko kilifika siku kadhaa baada ya onyo na AF ilikuwa imeshatulia. Ndo maana simu au saa ikisema kitu usianze dawa na ikikaa kimya usipuuze dalili

Idrisa: Kwa hiyo nikiwa nayo niwapime na wazee wote wa mtaa huu?

Dada Asha: Hapana mdogo wangu, na nakuomba usifanye. Huku kwetu Kilimanjaro wilaya ya Hai walishapima wazee 2,232 wa miaka 70 na kuendelea, wakakuta wenye AF 15. Kitu kikiwa adimu hivyo halafu upime kila mtu kwa simu, wengi watakaoambiwa wana shida watakuwa hawana, utawatia hofu watu wasio na hata nauli ya kwenda kuhakikisha. Bibi ni tofauti. Bibi ana presha ya siku nyingi, ana umri, ana dalili, na mashine imeshatoa alama

Shangazi Zena: Asha mwanangu ikiwa ndo hiyo AF inamfanya nini mtu? Maana Bibi anatembea anapika

Dada Asha: Shangazi kile chumba cha juu kisiposukuma vizuri damu inazubaa kwenye kona yake, ikizubaa inaganda, bonge likichomoka linapanda kichwani. Hatari ya kiharusi inapanda kama mara tano. Na wengine hawasikii chochote kabisa, wanakuja kujua wakiwa wameshalazwa. Ila ikijulikana mapema kuna dawa za kuzuia damu isigande na zinazuia viharusi vingi sana, hiki ndo ninachotaka mkishike leo

Baba Mkubwa Hamisi: Marehemu mzee alilala mzima akaamka upande mzima haufanyi kazi. Na hakuna mtu aliyewahi kumshika mshipa

Dada Asha: Ya marehemu hatuwezi kuyajua sasa Baba Mkubwa, Mungu amrehemu. Ya Bibi tunaweza

Baba Mkubwa Hamisi: Amina. Mpimeni

Dada Asha: Idrisa hiyo uliyonitumia ni sawa, weka. Bibi akae dakika tano kwanza asiongee, mkono juu ya meza, kidole kiwe na joto na asikandamize sana maana damu haitapita. Nakumbuka ana piko la harusi, chagua kidole kisicho na piko mwanga upite vizuri. Shangazi wewe utumie mkono wako, vidole viwili kwenye kifundo cha mkono wake upande wa gumba, usitumie gumba lako maana nalo lina mapigo yake, hesabu dakika nzima usihesabu nusu ukazidisha. Usiniambie namba tu, niambie na mwendo wake

Shangazi Zena: Ngoja aswali adhuhuri kwanza

Idrisa: Tumemaliza. Mara ya kwanza ikakataa ikasema kidole kimetikisika, tukarudia, imeandika mapigo hayana mpangilio, 112, onana na daktari. Tumesubiri tukapima tena imeandika hivyo hivyo

Shangazi Zena: Mimi nimepata 108 ila sina hakika, mengine mepesi mpaka yananipotea, yanakuja mawili ya haraka halafu kimya halafu moja zito. Hayana mwendo Asha

Dada Asha: Mmefanya vizuri sana nyote wawili. Simu inasema hivyo, mkono unasema hivyo, na mashine ya presha ilisema hivyo. Bado sio jibu, kuna mapigo ya ziada yasiyo na madhara makubwa yanaweza kudanganya vyote vitatu. Jibu ni ECG. Kesho asubuhi apelekwe hospitali ya Bombo pale Tanga, isisogezwe mpaka wiki ijayo

Baba Mkubwa Hamisi: Ninazo aspirini zile ndogo hapa Tanga, nimtumie na dereva ameze kabla ya safari?

Dada Asha: Hapana Baba Mkubwa tafadhali. Kwa AF aspirini haikingi kiharusi inavyotakiwa na inaweza kumtoa damu tumboni. Dawa zake za presha aendelee nazo kama kawaida asiache hata moja

Baba Mdogo Omari: Gharama nipeni mimi. ECG na vipimo vingine ntatuma leo kwa Zena. Baada ya ECG wanafanya nini

Dada Asha: Wakithibitisha watapima damu, tezi ya shingo nayo maana ikizidi kazi inaleta AF, halafu ECHO, yaani picha ya moyo ya ultrasound, kuangalia valvu, ile milango ya moyo. Hiyo ECHO msiiache hata ikibidi kusubiri. Huku kwetu kuna watu wengi valvu ziliharibika kwa mafindofindo ya utotoni yasiyotibiwa, na valvu ya kati ya vyumba viwili vya kushoto ikiwa imesinyaa sana dawa yake ya kuzuia damu isigande ni wafarini, ya zamani, kuna utafiti mkubwa wa 2022 rivaroksabani, moja ya dawa mpya, ilishindwa na wafarini na wenzake kwa wagonjwa wa namna hiyo. Ila wafarini inataka kupima INR, kipimo cha damu kuona inachelewa kuganda kiasi gani, mara kwa mara na lazima tujue nani anampeleka. Valvu zikiwa nzima zipo hizi mpya zisizotaka vipimo hivyo, bei yake tutaizungumza hapa

Shangazi Zena: Sawa mwanangu. Nabeba nini

Dada Asha: Kadi ya bima, dawa ZOTE anazotumia na zile za mizizi pia asifiche, na Idrisa umwonyeshe daktari ile ripoti ya apu kwenye simu pamoja na kialama cha mashine, piga picha sasa hivi. Mwambieni daktari imeanza lini na anakuwa anafanya nini ikianza. ECG ikitoka nitumieni picha ya karatasi yote, sio kipande

Idrisa: Nishaongea na dereva wa gari la asubuhi, siti ya mbele kanishikia. Tunatoka saa kumi na mbili

Baba Mkubwa Hamisi: Nitakuwa stendi nawasubiri na bajaji. Zena mfunike vizuri huko njiani kuna upepo

Shangazi Zena: Inshallah kaka