Sarafu za meme: tuzipige marufuku, tuzitoze kodi, au tuwaache vijana wapigwe?

Mleta mada, Dar es Salaam

Wakuu, heshima kwenu. Kijiweni kwetu siku hizi ubishi wa Simba na Yanga umepata mpinzani. Vijana wanabishana ni sarafu gani ya meme, hizi za mtandaoni zinazotengenezwa kwa utani na picha, inapanda leo kwenye mtandao wa Solana, ipi ina picha ya mbwa, ipi ina chura. Naomba tulijadili hili kama watu wazima.

Msimamo wangu ni kwamba hii ni kamari, na serikali yetu inaifanyia jambo la ajabu. Novemba 2019 Benki Kuu ilitangaza kwamba sarafu za mtandaoni si fedha halali nchini. Kisha Sheria ya Fedha ya 2024 ikaweka kodi ya zuio ya 3% kwa malipo ya mali za kidijitali. Mkono mmoja unatuonya, mwingine unatukata. Mchezo wenyewe hauna refa.

Kwa wageni wa mambo haya: Dogecoin, mama yao, ilitengenezwa Desemba 2013 na Billy Markus na Jackson Palmer kwa utani tu, wakaibandika picha ya mbwa aliyekuwa maarufu mtandaoni. Angalau wale walijua kuandika programu. Tangu Januari 2024 kuna tovuti ya Pump.fun: unaandika jina, unaweka picha, dakika chache tokeni yako, yaani sarafu yako, iko sokoni. Karibu zote hufia hapohapo.

Wengi wanapigwa kwa sababu hawajui hesabu ya ndani. Chukua tokeni bilioni 1. Kapu la kubadilishia, yaani akiba ambayo kila anayenunua au kuuza anabadilishana nayo, lina tokeni milioni 100 na dola 10,000. Bei ya tokeni moja ni dola 0.0001, na kwenye simu unaona imeandikwa thamani ya soko dola 100,000. Watu wanadhani hiyo laki moja ipo mahali. Haipo, ipo elfu kumi tu. Sasa mwanzilishi alijigawia tokeni milioni 100 bure siku ya kwanza. Anazimwaga zote kwa mkupuo. Kanuni ya kapu ni kwamba idadi ya tokeni ukizidisha kwa dola, jibu lisibadilike. Tokeni zimekuwa milioni 200, kwa hiyo dola zinabaki 5,000. Jamaa kaondoka na 5,000 nyingine, bei imeshuka hadi robo, na ninyi wenye tokeni milioni 800 mnagombania kilichobaki. Hakuna aliyeiba nenosiri la mtu. Hakuna hata pa kwenda kushtaki.

Napendekeza ziwekwe chini ya Bodi ya Michezo ya Kubahatisha kama kubeti kulivyo, na mtu maarufu anayezitangaza alazimike kusema amelipwa kiasi gani na anashika tokeni ngapi. Karibuni, ila tujibu hoja, povu tuliache nyumbani.

Fundi simu, Dodoma

Mkuu, umeanza vizuri ukaharibu mwishoni. Mbona wa faida umewaruka? Mwanzoni mwa 2021 Dogecoin ilikuwa kama nusu senti ya dola. Mei mwaka huohuo ikagusa senti 73. Aliyeweka laki moja akauza pale juu alitoka na zaidi ya milioni 14. Nitajie hisa ya DSE, soko letu la hisa la Dar, iliyofanya hivyo kwa miezi mitano.

Halafu mnatuambia tununue hati fungani za serikali. Kianzio milioni moja! Mimi siku nzima nabadilisha vioo vya simu, hiyo milioni naiona kwa macho tu inapita mikononi mwa wateja. Elfu ishirini yangu inaingia Solana bila fomu wala barua ya serikali ya mtaa.

Na usifananishe na kubeti. Kwenye mkeka kampuni inapanga odi inavyotaka na vitabu vyake huvioni. Huku leja, daftari la miamala yote, iko wazi, nani kanunua, nani kauza, saa ngapi. Asiyesoma ni uvivu wake.

Mhasibu, Mwanza

Fundi, hesabu yako ina upande mmoja. Aliyeuza kwa senti 73 alimuuzia nani? Yule aliyenunua Mei 2021, wiki ambayo Elon Musk alikuwa anaendesha kipindi cha vichekesho kwenye televisheni ya Marekani na dunia nzima inasubiri Doge ifike dola moja. Bei haijarudi pale tena. Na Dogecoin haina kikomo, kila mwaka zinaongezeka kama bilioni 5 mpya. Kampuni ikipata faida inagawa gawio, tofauti na hapa ambapo faida yako yote inatoka mfukoni mwa atakayekuja baada yako.

Mchangiaji, Eldoret

Nyinyi mnazungumzia vijana wa kijiweni, na wakubwa je? Januari 2025, siku tatu kabla ya kuapishwa, Donald Trump alizindua sarafu yenye jina lake. Ikapita dola 70 ndani ya siku mbili, kufikia Aprili ilikuwa chini ya 10. Asilimia 80 ya tokeni zilibaki kwa kampuni zinazohusiana naye. Mei akawaalika chakula cha jioni wamiliki 220 wakubwa zaidi. Mwezi Februari Rais Touadéra wa Jamhuri ya Afrika ya Kati naye akatoa yake, ikaporomoka ndani ya siku chache. Tarehe 14 mwezi huohuo Rais Javier Milei wa Argentina akaisifia sarafu ya LIBRA kwenye X, bei ikakaribia dola 5, na kabla hakujakucha ilikuwa imepoteza zaidi ya 90%. Akaufuta ujumbe, baadaye akasema hakuwa anajua undani wake.

Sasa mleta mada anataka serikali iwe refa. Refa gani, huyu naye ameingia uwanjani na jezi?

Hata hivyo huku kwetu Kenya kuna kitu mngeiga. Ile kodi ya 3% tulikuwa nayo tangu 2023 na ilikuwa dhuluma: inakatwa kwenye thamani yote ya mauzo hata kama umeuza kwa hasara. Sheria ya Fedha ya 2025 ikaifuta, ikaweka ushuru wa 10% kwenye ada inayotozwa na soko. Oktoba 2025 Rais Ruto akasaini sheria ya leseni kwa wanaoendesha masoko na kutunza waleti (pochi za kidijitali) za watu, chini ya Benki Kuu na CMA, mamlaka ya masoko ya mitaji. Angalau mtu ana mlango wa kubisha.

Mama wa duka la jumla, Temeke

Wanangu, mimi hayo ya makapu sikuyaelewa yote ila nina la kusema. Mpwa wangu alichukua mkopo wa kausha damu akaingiza huko. Sarafu ilikufa siku ileile, riba ya mkopo ikaendelea kuhesabiwa kila wiki. Pikipiki imeuzwa. Mnaposema "hela anayoweza kuipoteza", mjue wengi wanaoingia hawana hela ya aina hiyo, wanaingia na ya mtu.

Na ile ya Februari 2025 mmeisahau? Wadukuzi waliingia kwenye akaunti ya X ya Mo Dewji wakatangaza tokeni imepewa jina la Tanzania. Iliripotiwa wamekusanya zaidi ya dola milioni moja. Watu waliona jina la tajiri na jina la nchi, wakaacha kufikiri. Za kuambiwa changanya na zako.

Fundi simu, Dodoma

Mama shikamoo, na pole kwa mpwa. Lakini hilo ni kosa la mkopo. Angekopa akalimia nyanya na bei ikaanguka, tungepiga marufuku nyanya?

Kuna mambo ya kukagua kabla hujanunua. Mtengenezaji bado ana mamlaka ya kuzalisha tokeni nyingine? Anaweza kugandisha waleti yako? Kapu limefungwa au anaweza kulibeba? Waleti kumi za juu zinashika asilimia ngapi? Ile tokeni ya Squid Game ya 2021 ilipanda mpaka zaidi ya dola 2,800, lakini watu walikuwa wananunua na hawawezi kuuza. Angejaribu mtu kuuza kidogo mwanzoni angejua.

Mhasibu, Mwanza

Hao kumi wa juu ndio mtego wenyewe, kaka. Mtengenezaji hanunui kwa waleti moja. Anagawa manunuzi kwenye waleti hamsini sekunde ileile tokeni inapozaliwa, kila moja ina asilimia moja. Wewe unaangalia orodha unaona watu wengi wadogowadogo, unafurahi. Ni mtu mmoja. Na kabla kidole chako hakijabonyeza, roboti zimeshanunua na zinakusubiri wewe. Leja iko wazi, sikatai, ila majina hayamo.

Mwanasheria, Arusha

Naona kuna kuchanganya. Wengine watasema huu ni upatu wa DECI wa 2009 umerudi. Hapana. Kwenye upatu kuna mtu amekuahidi faida, na ahadi hiyo ndiyo inayomfunga mahakamani. Sarafu ya meme haiahidi kitu, na nyingine zinaandika kabisa kwenye tovuti kwamba hazina thamani. Februari 2025 wataalamu wa SEC, mamlaka ya mitaji ya Marekani, walisema kwa kawaida sarafu hizi si dhamana za uwekezaji kama hisa, kwa hiyo mnunuzi hana ulinzi wa sheria zile. Watu walishangilia kana kwamba wameruhusiwa kula, kumbe wameambiwa wakiumia wasije.

Marufuku sioni itakavyofanya kazi. Mtu ananunua USDT, sarafu ya mtandaoni inayofuata thamani ya dola, kwa mtu mwingine kwa kutuma hela ya simu, utamkamata nani? Na leseni kwa tokeni yenyewe haiwezekani, inazaliwa asubuhi na kufa mchana. Kinachoshikika ni wakala wa kubadilisha na msanii anayelipwa kuitangaza. Hao wana majina na anwani.

Mleta mada, Dar es Salaam

Mwanasheria nakubaliana nawe kwenye leseni, hiyo hoja ya Bodi naiondoa kwa upande wa tokeni. Wa matangazo siwaachii. Msanii akipewa tokeni bure, akauza wakati mashabiki wake wananunua kwa sababu yake, huyo amewauzia mashabiki wake mwenyewe bila kuwaambia. Redioni tangazo la bia linajulikana ni tangazo. Na hii 3% ikae kwenye faida, au ihamie kwenye ada kama Kenya walivyofanya. Fundi, hapo tuko pamoja?

Fundi simu, Dodoma

Kwenye kodi tuko pamoja, hata la wasanii sina shida nalo. Kwenye kamari bado. Nina elfu themanini ya wiki hii, kodi ya fremu nimeshalipa, na kuna moja nimeikagua tangu juzi. Naingia saa nne usiku.

Mhasibu, Mwanza

Uza kidogo kwanza uone kama inauzika.