Mtungi wa CO2 uliopitwa na tarehe ya kupimwa: ujazwe au ukataliwe?

Mtoa mada: Wakuu, sisi tunaopika bia nyumbani na kuisukuma kwa gesi ya CO2 hili linatugusa. Unapeleka mtungi kujazwa, mjazaji anasoma tarehe iliyogongwa begani, anakurudishia: umepitwa, kapime kwanza. Mtungi wenyewe hauna kutu wala bonde. Tena Marekani mitungi mingi ya alumini hupimwa kila miaka 5, Ulaya mtungi wa CO2 hukaa hadi miaka 10, na gesi ni ileile! Nasema mwenye mali asaini kwamba likitokea la kutokea ni juu yake, ajaziwe. Mnasemaje?

Mchangiaji wa kwanza: Napinga. Saini yako itamlinda nani? Ukipasuka wakati wa kujazwa, anayeumia ni aliyeushika, wewe uko nje unasubiri. Kwenye nyuzi joto 20 mle ndani kuna shinikizo la takriban baa 57 (baa ni kipimo cha shinikizo). Kwenye kegi, yaani pipa la bia, unatumia baa moja hivi, ndiyo maana unauona mpole. Na hilo la kutokuwa na kutu, umechungulia ndani? Bia ikirudi kupitia mpira, au mtungi mtupu ukiachwa valvu wazi, unyevu unaingia, unachanganyika na CO2 kuwa asidi, chuma kinaliwa taratibu. Wapimaji huujaza maji, wakausukuma kupita shinikizo lake la kazi, wakaangalia umetanuka kiasi gani na umerudi kiasi gani. Jicho lako linaweza hayo?

Mchangiaji wa pili: Mnagombania tarehe, mizani mmeisahau. CO2 mtungini ni kimiminika, kwa hiyo geji ya shinikizo haikwambii imejaa kiasi gani. Inasoma vilevile mpaka kimiminika kiishe. Hujazwa kwa uzito. Mtungi unaobeba kilo 10 za maji, kwa kanuni ya Marekani usizidi kilo 6.8 za CO2. Ukizidisha, joto likipanda kimiminika kinatanuka, kinakosa pa kwenda, shinikizo linaruka. Bahati yako ni kile kisahani cha usalama kwenye valvu kikipasuka kwanza. Sasa kuna wenzetu wanahamisha gesi nyumbani kutoka mtungi mkubwa, mdogo wameugandisha kwenye friza ili unyonye zaidi, mizani hawana. Hao ndio wa kukatazwa kabla ya huyu wa tarehe.

Mchangiaji wa tatu: Si mbadilishane tu? Unatoa mtupu, unachukua uliojaa, kupima ni kazi ya mwenye mitungi.

Mtoa mada: Halafu alumini yangu inayong'aa niiache, nirudi na chuma kizee kilichopakwa rangi juu ya rangi? Hapana, mkuu. Ya mjazaji kuwa hatarini nimeielewa. Lakini hakuna aliyenijibu: kama miaka 10 inatosha kule, huku wa miaka 6 unakataliwa kwa hoja gani?

Mchangiaji wa kwanza: Kwa hoja kwamba mjazaji anafuata sheria ya nchi aliyopo. Ukitaka 10, kabishane na waliotunga sheria, si na kijana wa mizani.