Marufuku ya mifuko ya plastiki: nimempasua mbuzi wangu nikakuta nailoni tupu. Tunamdanganya nani?

Mbukwenyi wakuu.

Naandika nikiwa na hasira, atakayekwazika anisamehe mapema.

Jumapili nimechinja mbuzi jike ambaye sikupanga kumchinja. Nilimnunua mnadani Msalato mwaka juzi, kazaa mara mbili hapa nyumbani. Wiki tatu hizi alikuwa anakonda mgongoni huku tumbo linavimba, majani anayanusa na kuyaacha. Nikajua minyoo. Nikanunua dawa, nikamnywesha, wapi. Nikaona kuliko afe bure bora kisu.

Kijana aliyekuja kuchuna alipofika tumboni akaniita: "Mzee, hebu njoo uone hii kitu." Donge kubwa kuliko ngumi zangu mbili, kwa nje kijani kama majani yaliyotafunwa. Akalichambua kwa ncha ya kisu. Nailoni. Ukitoa moja inavuta nyingine, zimesokotana na nyuzi za viroba vya mkaa. Kimoja kilikuwa bado na fundo lake, lile fundo dogo analofunga mama wa sokoni akishakupimia, na kwenye kona kuna ganda la karanga limekwama. Mbuzi alifuata chumvi na harufu ya chakula, akameza na mfuko. Ule haumeng'enyeki na hautoki, unakaa tu unajaza nafasi. Kwa hiyo mnyama wangu alikuwa anakufa njaa huku tumbo limejaa.

Najua kuna atakayeandika "mbuzi wako anazurura mjini, kosa lako." Sawa, kosa langu, nitozeni. Ila hizo nailoni sikuzileta mimi.

Sasa tukumbushane. Marufuku ya mifuko ya plastiki ilianza tarehe 1 Juni 2019. Waziri Mkuu wa wakati huo, Majaliwa, aliitangaza bungeni, hapa hapa Dodoma, mwezi Aprili mwaka ule. Na miezi ya mwanzo, tuseme ukweli, tulishangaa. Rambo zilipotea kweli. Migunga ya pembeni mwa barabara, ambayo ilizoea kuvaa mifuko kama maua, ikabaki na miiba yake tu. Nilisifia mimi mwenyewe, tena kwa sauti.

Halafu vikaja "vifungashio". Kanuni ziliacha nafasi kwa plastiki ya kufungia dawa, vyakula, bidhaa za viwandani, pembejeo, vitu vyenye sababu. Wajanja wakaingilia hapo hapo. Rambo ikakatwa mikono, ikafanywa nyeupe ya kuonyesha, ikaitwa kifungashio. 2021 serikali ikavipiga marufuku hivyo navyo visitumike kubebea. Juzi nimetoka sokoni na manunuzi ya elfu saba: nyanya kwenye chake, vitunguu kwenye chake, dagaa, pilipili mbili (mbili!), na maharage. Vitano. Havina jina la kiwanda wala anwani, vinang'aa tu.

Vyote vitano nikavitumbukiza kwenye "mfuko mbadala" wa shilingi mia mbili, na hapa ndipo naombeni mnisikilize vizuri. Ule mfuko mnaouita wa kitambaa si kitambaa. Ni polipropilini, plastiki ile ile, nyuzi zake zimegandamizwa zifanane na nguo. Sogeza kiberiti kwenye kona yake uone, pamba haiyeyuki ikadondosha matone. Kiwango kinataka uzito wa gramu 70 kwa mita moja ya mraba ili udumu na utumike tena na tena. Huu wangu ukiunyoosha unaona vidole upande wa pili. Ulichanika kabla sijapanda bodaboda.

Adhabu zipo, tena kali. Mzalishaji au mwingizaji faini inaanzia milioni 20 hadi bilioni moja, au jela miaka isiyozidi miwili. Muuzaji laki moja hadi laki tano. Mimi na wewe tukikutwa nayo, elfu 30 hadi laki mbili, au siku saba ndani. Sasa mimi kwa macho yangu niliyemwona akinyang'anywa ni mama wa vitunguu, pakiti yenyewe moja imebaki nusu. Anayeshusha mabunda alfajiri sijawahi kumwona akiguswa. Yule mama anayanunua wapi? Anazalisha chini ya meza?

Na taka nazo. Ada tunalipa kila mwezi, gari mtaani kwetu lina wiki tatu halijapita. Huu upepo wa Dodoma wa Julai na Agosti mnaujua, hausubiri gari. Kinailoni kinapanda, kinavuka uzio, kinaishia korongoni. Desemba mvua ya kwanza inavisomba hadi kwenye makalavati, maji yanageuka kuingia majumbani, kisha tunaanza kulaumiana. Jirani yangu amechoka kusubiri, anachoma kila jioni. Moshi mweusi, watoto wanakohoa, naye nitamwambia nini?

Angalieni chupa za maji. Mtaani kwetu hazilali. Vijana wanapita asubuhi na kiroba, wanaokota, wanauza kwa kilo. Kinailoni hakuna anayekiinamia, maana uokote vingapi ndipo mizani isogee? Kitu ambacho hakuna atakayekuja kukiokota kinatakiwa kizuiwe kinapotoka, siyo kwenye kikapu changu. Karanga tulikula kwenye karatasi za madaftari miaka yote na hakuna aliyekufa.

Kwa hiyo naulizia: kuna mtu humu amewahi kushuhudia mwenye ghala au mwenye mashine akifikishwa mahakamani kwa hivi vifungashio? Siyo mmachinga. Mwenye mzigo.

Nyama yenyewe nyumbani wameikataa. Jirani kaja kuchukua kilo mbili, mimi bado nimelishika lile donge mkononi, yule kijana kapima vizuri, kafuta kisu, kaingiza mkono mfukoni katoa kinailoni, kakipuliza kifunguke.

Nikamwambia aache, nikaenda kuleta sufuria.