"Make up" ni kubuni, kufidia au kupatana? Naomba ushauri

Muuliza: Ndugu wanajukwaa, nawasalimu. Wiki iliyopita nilitafsiri tangazo la kiwanda kimoja, lililotolewa baada ya umeme kukatika, lenye sentensi "Workers will make up the lost hours". Kwa kuwa shuleni nilikariri kwamba "make up" ni kubuni jambo lisilokuwepo, niliandika kuwa wafanyakazi watabuni saa zilizopotea, nao wakaelewa kwamba wanatuhumiwa kughushi mahudhurio. Nimekwisha kuomba radhi, lakini nahofia kukosea tena. Je, maana ya kitenzi hiki hutambuliwaje?

Jibu la 1: Pole sana, ndugu yangu. Usianze na kitenzi, bali tazama kwanza yambwa yake, yaani kile kinachotendwa. Ikiwa ni kisa au udhuru, maana ni kutunga: "He made up an excuse". Ikiwa ni muda uliopotea au fedha zilizopungua, maana ni kufidia. Katika "Eleven players make up a team", wachezaji 11 huunda timu. Hata sisi tunacho kitenzi "piga", ambacho hakieleweki mpaka usikie simu, picha, pasi au magoti, na mgeni aliyekariri kwamba ni kuchapa tu atataabika kama ulivyotaabika wewe.

Jibu la 2: Naafikiana na mwenzangu, ila niongeze kwamba mara nyingine yambwa haipo kabisa: "They quarrelled, then made up", yaani waligombana kisha wakapatana. Hapo ndipo wanafunzi wangu wengi hukwama. "He made it up" kwa kawaida ni alibuni, lakini "He made it up with his brother" ni alipatana na nduguye, kwa hiyo soma sentensi hadi mwisho kabla ya kuamua. Kumbuka pia kwamba kiwakilishi hukaa katikati. Hatusemi "made up it".

Muuliza: Ahsanteni sana. Basi nikiandika "Wafanyakazi watafidia saa zilizopotea", itatosha?

Jibu la 1: Kisarufi ni sahihi, lakini mfanyakazi akisoma "watafidia" anaweza kudhani atakatwa mshahara, kwa sababu fidia kwake ni fedha. Andika "Wafanyakazi watafanya kazi saa za ziada ili kufidia muda uliopotea".