Tupeane uzoefu: akina mama mliowahi kusimama kupinga sumu mtaani kwenu, ilikuwaje?

Wakuu habari za jioni. Leo nawaita hasa akina mama wenzangu wa huku nyanda za juu, Mbeya, Iringa, Njombe, Songwe, nani amewahi kupambana na uchafu wenye sumu mtaani kwake? Naanza mimi.

Mimi ni mama wa kawaida tu, nauza mkaa na vitumbua pembeni ya jiji la Mbeya, mtaa sitautaja. Miaka kadhaa nyuma alikuja jamaa akakodi kiwanja nyuma ya kwetu akazungushia mabati, tukaambiwa stoo ya skrepa. Kumbe wanapasua betri za magari, yale maji ya asidi wanamwaga mtaroni halafu usiku wanayeyusha risasi, ile metali ya ndani ya betri, harufu inakaba koo na asubuhi ukipitisha kidole dirishani kinatoka na vumbi la kijivu. Kuku wangu wakaanza kufa nikasema mdondo. Mwanangu wa mwisho tumbo kila siku, hali chakula, tunaenda zahanati tunapewa dawa za minyoo tunarudi.

Mdogo wangu anaishi Mombasa, ndo akanisimulia habari za yule mama Phyllis Omido wa mtaa wa Owino Uhuru. Alikuwa mfanyakazi wa kiwanda cha kuyeyusha betri kule, mtoto wake mchanga akaumwa, ikadhaniwa malaria, taifodi, kuja kupima damu ni risasi. Akapambana na wakazi wenzie mpaka kiwanda kikafungwa 2014, na 2015 akapewa tuzo ya mazingira ya Goldman. Nilikata simu nikakaa jikoni vitumbua vinaungua naviangalia tu.

Sasa wengi mtadhani kazi ilikuwa mwenye yadi. Wala. Kazi ilikuwa majirani, maana vijana waliokuwa wanapasua zile betri ni watoto wetu. Mama wa mmoja wao tuko nae kikoba kimoja, akaniambia mbele za watu wote, "wewe mumeo ana mshahara, wangu unataka akaibe?" Sikuwa na jibu na mpaka leo sina la maana. Nikaacha kabisa habari za kufunga yadi nikaanza habari za nguo, kwamba kijana akitoka kazini avulie ovaroli nje, aoge ndo abebe mtoto, kwa sababu lile vumbi linaingia ndani na nguo na mwili wa mtoto mdogo unalifyonza kuliko wa mtu mzima. Hapo ndo yule mama akaanza kunisikiliza. Mwisho wa siku yeye ndo alileta sahihi nyingi za barua ya malalamiko kuliko mimi.

Mkutano wa mtaa nao ulikuwa sinema. Nasimama natetemeka nasema watoto wetu wana hatari ya risasi mwilini, mzee mmoja akaruka "nani kapigwa?!" Watu wakacheka dakika nzima, ila ilinisaidia, niliposhika tena maneno hofu imeniisha.

Barua ya kwanza kimya, ya pili kimya. Akina mama chukueni hili, andika nakala mbili, moja igongwe muhuri wa kupokelewa ubaki nayo. Ya tatu nikaambatanisha zile mbili za mwanzo zenye mihuri, wiki hiyo hiyo watu wa mazingira wakaja, jamaa hana cheti hata kimoja, yadi ikafungwa.

Binti wa Mafinga:
Kamwene dada. Kwetu ni nguzo za umeme. Zile zilizowekwa dawa zina ukijani, vipande vinavyobaki vilikuwa vinauzwa kuni bei poa, mpaka mama lishe walikuwa wanapikia. Ile dawa ina shaba, kromu na aseniki, na ukichoma aseniki inabaki kwenye majivu, na majivu sisi tunasugulia sufuria na kumwaga bustanini!! Mama yangu ndo alianza kelele, akaitwa mchawi wa kuni 😂. Alichofanya alikuwa anaenda kwa mama lishe mmoja mmoja na kifurushi cha kuni za msindano, anambadilishia bure. Hela iliisha haraka ila waliacha.

Mstaafu wa Karasha:
Mimi baba ila naomba niingie. Chunya tulikuwa tunachomea dhahabu iliyoshikwa na zebaki jikoni, kwenye kikaango, mke wangu anapika pembeni kabeba mtoto. Ule mvuke wa zebaki huuoni wala haunuki. Aliponikuta tena nachoma ndani alitupa kikaango chooni, na kidhahabu changu kikiwemo. Tuligombana mwezi. Baadae ndo yeye na wenzie wakawasimamia wenye makarasha, yale mashine za kusaga mawe ya dhahabu, waliojenga mtoni, wanawatajia sheria ya mazingira ya 2004, mita 60 kutoka kwenye maji. Mita walikuwa wanapima kwa kamba ya ng'ombe. Wawili walihama, wa tatu ana mjomba wake mkubwa, yupo mpaka leo.

Mnyakyusa Mtulivu:
Ndaga fijo mleta mada. Ila swali, yadi imefungwa sawa, ule udongo je? Risasi si haiozi?

Mleta mada:
Haiozi ndugu yangu, na hapo ndo nimekwama. Yule jamaa kahama katuachia kiwanja, naandika barua ya nne kuomba udongo upimwe na ukatwe upelekwe panapostahili. Upande ule mchicha nimeacha kupanda. Shida watoto, pale pako tambarare wamegeuza uwanja wa mpira, ukiwafukuza mchana wanarudi jioni. Jumamosi na kikoba tunaenda kuzungushia uzio, yule mama niliyewaambia kaahidi misumari. Mwenye mbao za kuchangia alete, ila Binti wa Mafinga, tafadhali sio zile za kijani.