Naomba ushauri: vipimo vya damu kwa mfupa unaochelewa kuunga

Hamjambo wanakikundi. Kakangu mdogo, mwendesha boda boda hapa Kayole, alivunjika muundi akawekwa chuma ndani ya mfupa. Huu ni mwezi wa tano. Kidonda kilipona vizuri, lakini akikanyaga bila magongo anauma meno kwa maumivu, na kwenye eksirei ya juzi ule ufa bado ni mstari mweusi, mfupa mpya ni kidogo tu pembeni.

Vitamini D tulipima, ilikuwa chini, anameza dawa. CRP, kipimo cha damu kinachopanda kukiwa na maambukizi au uvimbe mwilini, ni ya kawaida na daktari haoni dalili ya maambukizi. Sigara pia ameacha, na kwa hilo namshukuru sana, maana huchelewesha mfupa kuunga.

Sasa maabara moja mjini inatushauri tupime P1NP, inayoonyesha mfupa unavyojengwa, na CTX, inayoonyesha unavyovunjwavunjwa, ili tujue kama utaunga au atarudi tena kwa upasuaji. Bei si mchezo, na yeye ndiye aliyekuwa akilisha nyumba. Ninavyoelewa, viwango hivi hupanda kwa yeyote aliyevunjika na huweza kubaki juu kwa miezi. CTX nayo hushuka ukila, ndiyo maana damu hutolewa asubuhi kabla ya chai.

Je, kipimo kimoja sasa, bila cha mwanzo cha kulinganisha, kitamsaidia daktari kuamua lolote? Au pesa hizo tuziweke kwa picha ya CT? Nawasubiri hasa nyinyi mnaofanya kazi maabara au wodi za mifupa.