Hifadhidata tatu, ripoti moja: nishike njia gani?

MwanaLikoni: Salaam aleikum wenzangu. Nasimamia kompyuta za maduka matatu ya dawa hapa Mombasa, na kila moja lina programu yake ya hifadhidata, yaani ya kuweka kumbukumbu za mauzo. Likoni wanatumia MySQL, Changamwe SQL Server Express, Nyali bado ni faili la Access. Kila mwisho wa mwezi nachota mauzo ya kila duka na kuyabandika kwenye Excel, na tajiri anangoja siku tatu kujua dawa gani inakwisha. Nataka ripoti itoke pahali pamoja. Niziulize hifadhidata zote moja kwa moja, au ninakili kila kitu usiku?

FundiBarani: Mimi nilianza na kuunganisha moja kwa moja. PostgreSQL, programu nyingine ya hifadhidata, inaweza kusoma majedwali ya seva nyingine kana kwamba ni yake, kupitia viunganishi: mysql_fdw kwa MySQL, tds_fdw kwa SQL Server. Hunakili chochote, na hesabu ni za dakika hiyo hiyo. Lakini stima ikipotea duka moja, ripoti nzima inakwama. Tena swali la mwezi mzima linailemea seva ya duka huku wateja wamepanga foleni. Niliacha.

BintiMtwapa: Nakili usiku, kaka. Kama jedwali lina safu ya tarehe ya mabadiliko, chota mistari iliyobadilika tu. Angalia moja: mstari uliofutwa dukani hauonekani kwa njia hiyo, kwa hivyo kila wiki linganisha idadi ya mistari pande zote mbili.

Na usidhani kuhamisha ndiyo kazi. Kwetu dawa moja ilikuwa "PCM500" duka hili, "Paracet 500" duka lile, na "Paracetamol tabs" la tatu. Mbaya zaidi, duka moja lilihesabu vidonge, jingine boksi la vidonge 100. Ukijumlisha idadi hizo unapata uongo mtupu, na hakuna kompyuta itakayokuonya. Nilitengeneza jedwali la kulinganisha lenye duka, msimbo wa dawa dukani, msimbo wetu wa pamoja, na vidonge vingapi kwa kipimo kimoja. Tulilijaza na mfamasia, mstari kwa mstari.

Nahodha_Data: Kuna njia ya tatu, programu ya Debezium, inayofuata kila badiliko papo hapo. Kwako haifai: haisomi Access, na kwa SQL Server inategemea CDC, sehemu inayorekodi mabadiliko ya data, ambayo haimo kwenye toleo la Express.

Hakikisha pia majira ya saa. Programu ya kunakili ikisoma kwa UTC, saa ya kimataifa iliyo nyuma ya yetu kwa saa tatu, dawa iliyouzwa saa nane usiku itaandikwa saa tano usiku ya jana yake. Na majina ya wagonjwa yaache dukani. Sheria ya Kulinda Data ya 2019 inazihesabu habari za afya kuwa nyeti, na ripoti ya mauzo haizihitaji.

MwanaLikoni: Ahsanteni sana. Nanakili usiku, kwenye PostgreSQL. Hilo la boksi limenishtua, kwa sababu Changamwe wanauza hivyo hivyo. Jumamosi navuka feri nikakae na mfamasia wao, tuanze na dawa za sukari na presha.